Moyo Mwepesi

Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kwake kazi ni kitu unachoweza kukikunja ukakiweka mezani. Kwa hiyo bintiye alipohitimu shahada ya ustawi wa jamii, alimpachika jina la Daktari wa Machozi, kisha akamtafutia nafasi benki kupitia kwa mjomba wake.

Binti akaomba kazi katika makao ya watoto waliotelekezwa. Kule wana utaratibu wao: hawaajiri mtu kabla ya kuzungumza na familia yake, maana kazi ina zamu za usiku na huzuni ya kurudi nayo nyumbani. Msimamizi wa makao akaja kwenye duka la Mama la ushonaji, binti akiwa sokoni. Akauliza kama ataimudu.

"Ana moyo mwepesi huyo," Mama alisema, pini mdomoni. "Kuku akichinjwa, analia. Mtaishia kumbembeleza yeye badala ya watoto."

Msimamizi alicheka kidogo, akashukuru, akaenda zake. Mama akaendelea kukunja pindo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, akajiambia.

Jibu lilikuja wiki hiyohiyo: hapana, ana moyo mwepesi mno kwa kazi hiyo. Mama alitarajia kilio, hakukiona. Binti alipiga pasi blauzi ya kwendea benki, akasema pengine wana haki, mtu mwepesi hivyo hafai kuwa karibu na watoto. Kisha akauliza, taratibu, kama alikuwa hivyo tangu utotoni.

Mama akamjibu kwamba chai inapoa.

Kesho yake alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, akaufumua, akaurudia vilevile. Akafunga duka mchana kweupe, akaenda kwa msimamizi na kusema bila kuuma maneno kwamba alidanganya. Binti huyo ndiye aliyemwogesha bibi yake mpaka siku ya mwisho, huku yeye Mama akijificha nyuma ya cherehani.

Msimamizi akamwambia nafasi imeshajazwa.

"Mimi nimekosa mfanyakazi tu, mama," aliongeza. "Yeye umeshamwambia?"

Nyumbani, Mama hakuvua hata viatu.

"Si wao waliosema una moyo mwepesi. Ni mimi. Niliwadanganya ili uende benki."

Binti akavuta kiti, akamsogezea, naye akaketi mkabala naye.

"Kaa, mama. Niambie uliyosema, yote. Sikukatizi."

Mama akakaa. Laiti angefokewa.