Pipa Lililofukizwa Udi

Theonest aliliinua pipa lake dogo la chuma, akalinusa, nusura alie. Lilinukia udi! Jana alilisugua likang'aa, akalisuuza kwa dawa yote ya kuulia vijidudu iliyobaki, akaliinamisha uani likauke. Na ndani, ndooni, lubisi, ile pombe ya ndizi ya kwao Bukoba, imekwisha kuiva, yangoja kuhamishiwa humo.

Lubisi hii haikuwa ya mchezo. Mzee Rwegasira, baba wa mkewe Theopista, alikuwa anashuka bandarini Mkoani, kisiwani Pemba, alasiri ile. Kwa Wahaya mkwe hupelekewa pombe. Theonest alioa mbio mbio, hakupeleka hata kibuyu, na tangu hapo mzee hajapata kumwita mwanangu. Theonest aliwahi kumpikia mzee safari moja, pombe ikapigwa na hewa wakati wa kuihamisha, ikawa siki.

Aliyefukiza alikuwa Bi Mwatum, mjane mwenye nyumba, ambaye mlango wake ulitazamana na wao. Alisikia mkwe anakuja, akaona chombo kisafi kimeinamishwa. Akajua ni cha maji ya mgeni, na Pemba maji ya mgeni hayatiwi katika chombo kisichofukizwa.

"Nimekufukizia, mwanangu," alisema, chetezo bado ki mkononi. "Mkwe hapewi maji matupu."

Angemwambia nini? Mama huyu alimletea futari kila Ramadhani, yeye asiyefunga, na siku zote hizo hakumwambia kinachopikwa ndani ya nyumba yake. Alishukuru tu, akaliingiza pipa ndani.

Alilisuuza pipa kwa maji ya moto mara chungu nzima, udi uliling'ang'ania. Theopista alicheka hadi akashika ukuta, kisha akasema liwalo na liwe, pipa jingine hawana. Basi Theonest akalijaza maji yaliyochemshwa hadi pomoni, akayasukuma yote nje kwa gesi, ileile itiwayo kwenye soda, ili hewa isipate pa kukaa. Ndipo akaiteremsha lubisi taratibu kwa mpira, pumzi kaibana kama kwamba yake nayo ingeiharibu.

Mzee Rwegasira alipokea bilauri, akanusa, akanywa, akamkazia macho mkwewe.

"Hii pombe ina harusi ndani yake," alisema. "Harusi ya kwanza mliniibia. Ongeza, mwanangu."

Theonest alimimina kwa furaha hadi bilauri ikafurika. Lakini asubuhi furaha ile ilimwasha kama kitu cha wizi. Alivuka ua, akamwamkia Bi Mwatum, akaanza kueleza kwamba lile pipa, kwa kweli...

"Mkwe kanywa?" Bi Mwatum alimkatiza.

"Kanywa."

"Karidhika?"

"Karidhika, Bi Mwatum."

Bibi aliugeuza unga aliokuwa akiukanda.

"Basi. Mie nimefukiza chombo cha mgeni. Ulichokitia sikukuuliza, nawe usinambie."

Kisha akamuuliza kama mzee hula chapati za nazi.