Kijitabu cha Fainali cha Bi. Wanda

Delbert Haas alikuwa na vijitabu vyote vilivyouzwa uwanjani kwenye fainali za kale za besiboli zilizochezwa Pittsburgh, isipokuwa kimoja. Hicho kimoja, cha mwaka 1909, kilimnyima usingizi kwa miaka ishirini na mitatu. Kilimnyima na mke pia, maana hakuna mwanamke anayefurahi kuonyeshwa pengo kwenye rafu siku ya kwanza ya uchumba.

Kwa hiyo aliposikia kwamba Bi. Wanda Sobczak, mjane wa mtaa wa Polish Hill, anacho, alivaa tai. Mara ya mwisho aliivaa mazishini, na safari hii alikuja na uso uleule.

Alimkuta mpinzani wake katika ukusanyaji, Lyle Gorman, keshakaa jikoni anafakamia pierogi za watu, zile sambusa za viazi za kuchemsha.

"Karibu, marehemu," Lyle alisema.

Kijitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa katikati. Kama ilivyo desturi ya watazamaji, baba yake Bi. Wanda alikuwa ameuandika mchezo humo kwa penseli, pigo kwa pigo.

"Hii penseli ndiyo inayokiharibu," Lyle alisema. "Lakini usijali, mama. Nina kifutio maalumu. Nitakisafisha kiwe kama kimetoka kiwandani leo."

"Unifutie baba yangu?"

"Siyo baba, mama, ni vialama tu..."

"Toka!"

Lyle alitoka, pierogi moja mdomoni na nyingine mkononi. Bi. Wanda akamgeukia Delbert. "Na wewe mwenye tai, kifutio chako kiko wapi?"

"Sina, mama. Mimi huwa navisoma hivyo vialama."

"Basi nisomee. Ukiumaliza mchezo wote, nakuuzia. Baba alisema hiyo ndiyo siku iliyompendeza kuliko zote, nami nikitazama naona sisimizi tu."

Delbert alisafisha koo kama kasisi, akaanza. Kazi haikuwa nyepesi. Kwa mujibu wa marehemu baba, mchezaji mmoja alitolewa mara mbili katika awamu moja, kisha, bila kufufuliwa na yeyote, akaleta pointi.

Awamu ya tano, mwandiko ukabadilika. Tarakimu zikawa ndogo, zimenyooka, hazina kosa hata moja. Mlinzi wa kushoto, ambaye siku zote huandikwa kwa namba saba, sasa saba yake ilikuwa na kistari kiunoni. Na huko juu, pembeni mwa makosa ya mwanzo, mkono huohuo ulikuwa umepita ukisahihisha.

Delbert aliinua macho. Ukutani, ndani ya fremu, palikuwa na karatasi ya mapishi iliyoandikwa na mama yake Bi. Wanda. Viazi saba. Saba yenye kistari.

Akisema, kijitabu hakiuzwi tena. Akinyamaza tu, jioni pengo limezibwa.

"Mbona kimya? Kuna aliyekufa tena?"

Delbert aliweka kidole kwenye ile saba. "Mama yako alijua besiboli?"

"Thubutu! Baba alituambia mpaka anaingia kaburini: mama yenu hajui mpira wala gongo lake."

"Basi aliwadanganya. Kuanzia hapa anaandika yeye. Itazame hiyo saba, na ile ya mapishi pale ukutani."

Bi. Wanda alikipeleka kijitabu ukutani, akalinganisha, akasogeza miwani, akalinganisha tena. Kisha akacheka mpaka akashikilia jokofu. "Jamani! Na huku juu kamsahihisha?"

"Mara kumi na moja."

"Huyo ndiye mama! Huyo ndiye mwenyewe!"

"Bado... unaniuzia?" Delbert aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Nikuuzie mama yangu? Una wazimu, mwanangu? Kaa, kula, endelea. Hapa kaandika nini?"

Delbert alivuta sahani, akainamia ukurasa. "Mpira umepigwa juu, mbali sana. Mlinzi wa kushoto kaudaka."

"Kwa mikono miwili?"

"Mmoja, mama. Huku anakimbia, kofia imeanguka."

Penseli haikusema lolote kuhusu mkono wala kofia. Lakini Bi. Wanda alipiga makofi, naye Delbert akageukia mpigaji aliyefuata.