Mtaa Usio na Kesi

Ugonjwa ulipoenea mjini, zahanati ilinipa kizibao cha njano na kunituma nipite mlango kwa mlango kuhesabu maambukizi ya mtaa wetu. Swali la kuuliza tulilitunga pamoja mimi na mkuu wangu wa takwimu, tukalisifu wenyewe, tukanywa chai: "Nyumba hii ina kesi?"

"Kesi?" alishangaa muuza mkaa. "Hapa hatuna kesi na mtu, dada. Nani kanichongea?"

Mama Pacha aliapa kwamba tangu azaliwe hajakanyaga mahakamani. Hapo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka, jua lilikuwa kali, barakoa imenibana pua, na mimi nikikusanya majibu mazuri huwa siyachokonoi.

Mtaa mzima ukatoka sifuri. Mkuu alifurahi kama yeye ndiye aliyetuponya, akaiandika kwa chaki ya kijani kwenye ubao wa geti la zahanati. Mtaa uliopata sifuri uliruhusiwa kufungua biashara Jumamosi.

Aliyeshangilia kuliko wote ni baba yangu. Baba ni kinyozi, na kifua chake kinapiga mluzi tangu nikiwa mdogo. Alikuwa amefungiwa nyumbani miezi na miezi, ameshampunguza Mama nywele mpaka zimekwisha, sasa alikuwa anamtupia macho paka. Aliposikia sifuri alitia mikasi mafuta na kutuma salamu kwa wateja wote waje. Wangekuja kweli, wamhemee usoni kutwa nzima.

Ijumaa nilipita tena kuhakikisha. Kwa fundi cherehani, mkewe alinijibu mlangoni kwamba hawana kesi. Nyuma ya pazia mtu alikohoa mpaka mabati yakatikisika.

"Na huyo?"

"Huyo anaumwa tu," alisema. "Kesi hana. Ile ya kiwanja walishaimaliza na kaka yake."

Nilibaki mdomo wazi ndani ya barakoa. Nikarudi mwanzo wa mtaa na swali jipya: "Nani anaumwa?" Loo! Kumbe watu walikuwa wanasubiri kuulizwa. Wenye homa, wasiosikia harufu, waliolala hoi. Mmoja aling'ang'ania nimtazame goti. Waliopimwa, wengi walikutwa na ugonjwa. Mkuu alifuta sifuri yake kwa kiwiko bila kunitazama, akachukua chaki nyekundu.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu.

"Watu wenyewe wamesema hawana," Baba alifoka. "Wewe ndiye umewatafutia!"

"Baba, ungefungua wangekuua."

"Ningekufa na mkasi mkononi. Kuliko kufa namtazama mama yako."

"Na mimi namtazama nani?" Mama akadakia. "Unadhani napata raha?"

Ningecheka, ila nilipovua kizibao nilikumbuka kuna nyumba moja sikuwahi kuiuliza. Nikakivaa tena. Nilijiona mjinga, nimesimama mlangoni kwetu kama mgeni.

"Nani anaumwa hapa?"

Mama alimtazama Baba. Baba aliitazama sakafu.

"Mwambie habari ya spiriti," alisema Mama.

"Spiriti imechakachuliwa," Baba alisema upesi. "Mwenye duka kaniuzia maji. Nimeifungua asubuhi nijiandae na kazi, haina harufu hata chembe. Mwizi yule."

Chupa ilikuwa wazi mezani. Harufu ya spiriti ilikuwa imejaa chumba kizima. Macho yalikuwa yananiwasha tangu nilipoingia, nami nilidhani ni hasira. Nikaisogeza mpaka chini ya pua yake. Akavuta pumzi, akavuta tena, kisha akanitazama, na nikaona kwamba alishajua tangu asubuhi.

Niliogopa sana. Sijawahi kuogopa hivyo.

"Haya, niandike," alisema. "Lakini uandike kinyozi. Wasije wakadhani ni mtu asiye na kazi."

Nikapiga simu zahanati walete gari, kisha nikaandika kinyozi, kwa herufi kubwa. Kwenye umri nikashindwa, maana nilikuwa nalia na sioni karatasi. Mama akanitajia, akamwongezea miaka miwili kwa makusudi ili achokozeke, na Baba akambishia kwa nguvu zake zote mpaka akaishiwa pumzi.