Mikate Ishirini na Minne ya Doña Fidencia

Tangu soko lifunguliwe Doña Fidencia alikuwa ameuza mikate kama thelathini, na hakukumbuka hata mteja mmoja alikuwa na sura gani. Macho yake yalikuwa mlangoni. Alikuwa akimsubiri mwanamke mmoja tu, na ungemuuliza kama anamsubiri, angekuapia kwa watakatifu wote kwamba hasubiri mtu.

Juzi alfajiri binti yake Yadira alipeleka mahindi kusagwa. Ndoo ya mahindi ilirudishwa na jirani. Yadira mwenyewe alikuwa amepanda pikipiki ya Nereo, mtoto wa Doña Chencha, akaenda zake. Hapo Boca del Zanate hilo si jambo la kushangaza. Nusu ya ndoa za mji zilianza kwa pikipiki, na za zamani kwa farasi. Kijana akishatorosha binti wa watu, mzazi wake ana siku tatu za kwenda kuomba radhi, na haendi mikono mitupu. Anakwenda na bata mzinga hai, chokoleti, mdalasini na dazeni mbili za mikate ya mayai. Akipokelewa, vijana wanaitwa, watu wanakula, yanakwisha. Asipokwenda, mlango unafungwa.

Leo ilikuwa siku ya tatu. Asubuhi mume wake, Don Abundio, alikunywa kahawa akiwa amesimama, akasema, "Wakija kabla jua halijazama, nitafungua. Wasipokuja, mimi sina binti, na wewe huna." Mke mwingine angesema hasira tu hizo, zitapoa. Fidencia alikuwa ameishi na mtu huyo miaka ishirini na sita. Alimwona akipishana barabarani na ndugu yake wa tumbo moja kwa miaka kumi na mmoja bila salamu, mpaka siku ya kumzika. Na chanzo chake kilikuwa nguruwe.

Sasa balaa lilikuwa kwenye mkate. Mji mzima una tanuri moja tu la mkate wa mayai, nalo ni la Fidencia. Kumpelekea Abundio mkate wa dukani, ule wa kwenye plastiki, ni bora usiende kabisa. Kwa hiyo Doña Chencha, kabla ya kwenda kumwomba Fidencia radhi, ilibidi kwanza aje kununua mkate kwa huyo huyo Fidencia. Miaka kumi na miwili alikuwa mteja wake wa kila Jumamosi, na hakuwahi kuondoka bila nyongeza, mkate mmoja wa juu anaotupiwa kapuni kwa mapenzi. Leo angesimama mbele ya meza ile na kuanza na neno gani?

"Kaingia," alisema Zoila, muuza kamba wakavu wa meza ya jirani, bila kuinua kichwa. "Usigeuke. Haya, umegeuka."

"Sijageuka."

"Basi shingo ndiyo imegeuka yenyewe."

Chencha alikuwa mjane mwembamba anayefua mashuka ya hoteli, mikono yake imechubuka mpaka kwenye viwiko. Leo alivaa gauni jeusi, lile alilomzikia mumewe. Alikwenda moja kwa moja kwenye vitunguu. Kisha akanunua ndimu. Kisha sabuni.

"Sabuni?" Fidencia alinong'ona. "Siku kama ya leo ananunua sabuni?"

"Watu hufua, mwenzangu."

"Haji, Zoila. Huyu haji. Amekuja kununua mboga zake kama kawaida, na binti yangu ndiyo basi tena."

Lakini Chencha alikuwa amesimama kwenye meza ya chokoleti. Alinusa kibonge kimoja, akakirudisha, akanusa kingine. Alichukua sita. Akapita kwa muuza viungo akatoka na fungu la mdalasini. Fidencia akakaa kwenye kreti. Chencha alipotokea upande wa kuku akiwa amekumbatia bata mzinga aliyefungwa miguu, soko zima lilishajua, na kila mtu alijifanya anapanga nyanya.

Mkate peke yake ndio uliobaki.

Alipita mara ya kwanza akiangalia dari. Mara ya pili aliangalia samaki wa upande wa pili, kana kwamba hajawahi kuona mkizi tangu azaliwe. Bata mzinga alikuwa akimkwaruza mkono na yeye hata hahisi.

"Mwite," alisema Zoila.

"Nimwite nimwambie nini? Njoo uniombe msamaha? Mimi ndiye niliyeibiwa!"

"Sawa. Kaa na kiburi chako mpaka jua lizame, tuone kama kitakuzalia wajukuu."

Fidencia aligusa kitambaa kilichofunika kapu kubwa chini ya meza. Chini yake ilikuwepo mikate dazeni mbili, yenye viini vya mayai mara mbili ya kawaida na sukari nyekundu juu, ile inayowekwa kwenye mkate wa kuombea radhi tu. Aliioka mwenyewe saa kumi alfajiri, mlango wa jikoni ameufunga ili Abundio asione rangi. Aliona aibu kwa hilo kuliko kwa jambo lolote alilowahi kufanya. Mkosewa amemwokea mkosaji! Lakini ni mtoto wake, angefanyaje?

Hapo ndipo Mwalimu Anselmo alipojitokeza na jasho lake na haraka zake.

"Doña Fide, uniokoe. Nina mahafali mchana, na mkate wote nilioagiza mjini umefika umevunjika. Naona hapa umebakiwa na minne. Na hiyo ya kapuni?"

"Hiyo hapana, Mwalimu."

"Nitakulipa zaidi."

"Hapana, nimesema. Imeagizwa."

"Yote?"

"Yote!" alisema kwa sauti, na papo hapo akamwona Chencha.

Safari hii alikuwa amekuja kweli. Alikuwa hatua nne kutoka mezani, kidevu juu, midomo imeshafunguka kwa salamu. Alisikia. Uso wake ulijikunja kidogo, kama mtu aliyefungiwa mlango puani, kisha akageuka na bata mzinga wake na kushika njia ya lango.

Zoila alimpiga Fidencia kiwiko cha mbavu. "Anaondoka, wewe! Anaondoka!"

Kumkimbilia hakuweza. Kumwita jina hakuweza. Lakini muuzaji ana ruhusa ya kumwita yeyote anayepita, ndiyo kazi yake, hakuna anayemhesabia hilo kuwa unyonge. Siku tatu hakuwa amenadi. Alisimama juu ya kreti.

"Mkateee! Mkate wa mayai! We mteja wangu wa bata mzinga, ndiyo kupita hivihivi bila kuonja?"

Chencha alisimama akiwa amewapa mgongo. Kisha akageuka, akarudi polepole.

"Si umesema imeagizwa?" aliuliza Mwalimu.

"Aliyeagiza ndiye huyu. Sogea pembeni, Mwalimu, usimbane mtu."

Walitazamana. Chencha alikuwa na maduara meusi chini ya macho.

"Nataka dazeni mbili," alisema.

"Za kula nyumbani?"

"Za kupeleka kwa watu."

"Watu gani hao?"

"Mume nasikia ni mkali. Mke..." Alimpakata upya bata mzinga. "Mke nilidhani namjua."

"Mke anauza mkate," alisema Fidencia. Aliinama, akavuta kapu, akafunua kitambaa.

Chencha aliiona sukari nyekundu. Aliziba mdomo kwa mkono uliochubuka, na bata mzinga nusura amponyoke.

"Nilipe kiasi gani?"

"Bei ile ile. Na ulipe kweli, kwa sababu mume ataniuliza."

Fidencia alihesabu kwa sauti, mkate kwa mkate, ili asipate nafasi ya kulia. Alipofika ishirini akauliza, bila kuinua macho, "Anakula?"

"Hajatia kitu mdomoni tangu juzi. Ameshinda mlangoni kwangu anatazama barabara. Anasema baba yake hatafungua."

"Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Njooni saa kumi, kabla hajaanza kutazama jua. Ishirini na tatu. Ishirini na nne." Akachukua mmoja kati ya ile minne ya mezani, akautupia juu.

"Umezidisha," alisema Chencha.

"Hiyo ni nyongeza. Usiiweke na mingine. Mpe mkononi, ale njiani. Asije kwangu na njaa."

Chencha aliondoka na mzigo wake wote, na safari hii watu walimpisha. Mwalimu alibeba ile mitatu iliyobaki, akanung'unika, hakuna aliyemsikiliza. Fidencia akaanza kuvua aproni.

"Niangalizie vyombo, Zoila. Nina wageni saa kumi, nyumba haijafagiliwa, na mwokaji mzima mimi sijabakiza hata mkate mmoja."

"Nenda tu, shoga," alisema Zoila. "Mkate wanakuja nao."