Nakala Tatu za Guka

Jedidah Ruguru hakuwa mzembe, na balaa lote lilianzia hapo. Mzembe angesahau kuhifadhi, na leo tungekuwa tunacheka.

Kazi yake katika ofisi ya bima ya wakulima, pale Embu mjini, ilikuwa kutunza nakala za akiba za faili la mipangilio la kompyuta kuu. Kompyuta hiyo waliiita Guka, yaani babu, kwa kuwa ilikuwa kuukuu na kila mtu aliitegemea. Mgonjwa akitoa kadi hospitalini, iwe Embu au kule Meru, Guka ndiye aliyeitikia: ndiyo, huyu ni wetu, mtibuni. Na faili la mipangilio ndilo lililomweleza Guka diski zake ziko wapi, aitikie kliniki zipi na aamke vipi. Alilisoma mara moja tu, wakati wa kuwashwa, na miaka mingi ilikuwa imepita bila kuzimwa.

Mama yake Jedidah alikuwa na kadi hiyo. Figo zilikuwa zimemchoka, na kila Jumatatu na Alhamisi aliteremka kutoka Kibugu kuja kusafishwa damu. Akikosa siku moja, miguu hufura na pumzi humkatika. Akikosa ya pili, ee Mungu, tusiseme.

Utaratibu wa ofisi ulikuwa nakala tatu. Ukiweka mpya, iliyo kongwe kuliko zote inajifuta yenyewe. Ukutani mkuu wao, Bwana Gitobu, alikuwa amebandika maneno makubwa: UKIWA NA SHAKA, HIFADHI. Waliyashika kama sala. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuchukua nakala akaijaribu aone kama kweli itamwamsha Guka. Na hao wote ni watoto wa wakulima! Mama yake Jedidah hapandi maharage kabla ya kulowesha konzi moja ya mbegu kwenye kitambaa aone kama yataota.

Jumatatu ile, baada ya maombi ya asubuhi, Gitobu alitangaza kwamba mafundi wangebadilisha nyaya za jengo Jumatano, na Guka angezimwa kwa muda.

"Mzee wetu naye apumzike kidogo," alisema, watu wakacheka.

Jedidah hakucheka. Alirudi mezani, akafungua nakala zake. Ile kongwe ilikuwa ndefu. Zile mbili mpya zilikuwa fupi, karibu nusu yake. Hapo akakumbuka: juzijuzi alikuwa akiongeza kliniki mpya ya Kangeta kwenye faili, na skrini ikaganda katikati ya kuandika. Kumbe faili lilikatika kiunoni. Guka hakujua, maana aliendelea kuishi kwa yale aliyoyasoma zamani.

Na mkono, jamani, mkono uliozoea! Alipoona hatari, alifanya lile alilofundishwa kufanya akiona hatari. Alihifadhi.

Nakala mpya ikaingia, ile ndefu ikajifuta. Sasa zilikuwa tatu, zote fupi, zimepangana vizuri.

Alishika simu, akampigia Cicily, mwenzake wa ofisi ya Meru, ambako nakala moja huwekwa ili mbegu zote zisikae ghala moja.

"Cicily, tafadhali, usiweke nakala mpya leo. Nahitaji ile mliyo nayo ya zamani."

"Ai, dada! Nilishaiondoa ya zamani, nikaweka hii yako mpya kabla hata ya chai. Si ndiyo kazi?"

"Ndiyo kazi," Jedidah alisema. Mzee Kivuti, aliyeiandika mistari ya faili hilo, alikuwa amezikwa, na hakuna mwingine aliyeijua kwa kichwa.

Aliingia kwa Gitobu bila kubisha. Alimweleza yote, hata la mkono wake, hakuficha kitu. Gitobu alizifungua nakala, akazitazama moja moja.

"Mbona zinafanana zote tatu? Na ya Meru pia. Unataka ushahidi gani tena?"

"Zinafanana kwa sababu zote zimeharibika, bosi. Akizimwa haamki."

"Sasa hivi anafanya kazi?"

"Anafanya."

"Basi."

"Nakuomba, ahirisha. Mama yangu anasafishwa damu Alhamisi."

Hapo alikosea. Uso wa Gitobu ukabadilika, kama mtu aliyegundua ameletewa maziwa yaliyotiwa maji. "Kumbe ni mambo ya mamako," alisema taratibu. "Madam, mafundi wameshatoka Nairobi. Nenda ukafanye kazi."

Jumatano mchana Guka alizimwa. Ule mvumo aliokuwa akivuma mchana kutwa, ambao hakuna aliyeusikia tena kwa mazoea, ukakatika, na wafanyakazi wakainua vichwa wakatazamana. Nyaya zikafungwa. Gitobu mwenyewe akabonyeza swichi. Taa zikawaka, kisha skrini ikasema haioni diski yoyote. Wakampa nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ile ya Meru, na kila moja akaikataa vilevile. Gitobu alikuwa akitoka jasho shingoni. Hakumtazama Jedidah.

Alhamisi asubuhi Jedidah alimkuta mama yake kwenye benchi la hospitali, amejifunga leso, viatu amevivua kwa kuwa miguu imeanza kujaa. Benchi lilikuwa na wengine, wa Runyenjes, wa Manyatta, kila mmoja na kadi yake mkononi. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mashine ya bima haijibu," alisema. "Bila jibu lake siwezi kumlaza mtu kitandani. Rudini nyumbani, tutawaita."

Watu wakaanza kunung'unika. Mama akacheka kidogo, akahema, akamshika bintiye mkono.

"Nyinyi tulieni," aliwaambia wenzake, kwa sauti ya mtu anayejivunia. "Huyu ni Ruguru wangu. Yeye ndiye anayetunza ile mashine. Hata kitu kikiharibika, yeye huwa ameweka akiba."

Nyuso zote zikamgeukia Jedidah, zimejaa matumaini. Mama akajisogeza kwenye benchi, akampigapigia nafasi kando yake.

"Keti, mwanangu, uwaambie."