Kukiua Bila Kukiharibu Sura

Kazini walimwita Maliza, na jina lilimkaa sawasawa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa muuaji mkuu wa kiwanda cha chanjo za mifugo. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo viliingia kwenye pipa lake la chuma vikiwa hai, vikatiwa dawa, vikatoka maiti. Hakuna hata kimoja kilichowahi kumponyoka. Hilo alilisema mwenyewe bila kuulizwa, na wa kumbishia hakuwepo.

Asubuhi hiyo malori mawili ya baridi yalikuwa uani yakingoja saini. Toleo jipya, dozi elfu arobaini, lilikuwa limefaulu kipimo cha usalama: chupa baada ya chupa, hakuna kirusi hai. Kilibaki kipimo cha nguvu, nacho kilikuwa mikononi mwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyefanya kazi chumba cha ndani, kile cha virusi hai, ambamo mtu hatoki bila kuoga.

Wifi akatoka, nywele zinachuruzika maji, karatasi mkononi. Hakutania. Maliza akajua kuna jambo, maana wifi yule alitania hata msibani.

"Wifi, kaa kwanza."

"Kwani nina mimba? Sema nikiwa nimesimama."

"Kondoo wako hawana kinga."

Maliza akacheka kwa sauti. Kondoo wale walichanjwa mwezi mzima uliopita kwa chanjo ya toleo hilohilo, wakatolewa damu ili ipimwe. Akainyakua karatasi na kugonga kidole kwenye picha ya kwanza, sahani ya vishimo vilivyogeuka njano.

"Na hizi ni nini? Si kingamwili hizi? Njano tele! Wifi, wewe unahitaji miwani, na nitakununulia mimi."

"Njano naiona. Lakini sahani hiyo tuliipaka virusi vya pipa lako. Damu ya kondoo imevitambua hivyo vyako, haya, hongera. Sasa tazama ya pili." Akaigeuza karatasi. "Hapa nimechanganya damu ileile na kirusi hai, nikazimwagia seli mchanganyiko huo. Kingamwili zingekuwa za kweli, zingekizuia. Seli zote zimeliwa, wifi. Kirusi kimepita mbele ya kingamwili zako, wala hazikukiuliza hodi."

Maliza akakaa.

Somo hilo alikuwa akiwafundisha wageni wa kazi kila mwaka. Kirusi mfu hakizaliani wala hakipigani. Kazi yake ni kuonyesha sura tu. Juu ya ganda lake kuna vinundu, ndizo antijeni, na mwili wa mnyama huvipapasa, ukatengeneza kingamwili za kuvishika barabara. Siku kirusi hai kikija na vinundu vilevile, kinakuta mwili unakijua. Lakini dawa ya kuulia ikizidi, vinundu vinajikunja. Mwili unajifunza kwa bidii sura ambayo haipo duniani.

"Ulikiacha kwa saa ngapi kwenye dawa?" wifi akauliza.

"Si imeandikwa daftarini."

"Nimesoma. Nataka nisikie kwako."

"Sabini na mbili."

"Badala ya?"

"Ishirini na nne! Unajua vizuri, usinifanye mtoto."

Wifi alijua pia sababu. Zamani baba yake Maliza alichanja ng'ombe wake kwa chanjo ya mahali pengine ambayo haikufa sawasawa, na ugonjwa ukaingia zizini kwa njia ya sindano. Mzee aliyekuwa akiimba anapokamua alinyamaza, akanyamaza hadi anazikwa. Sasa zizi lilikuwa la kaka yake Maliza, na toleo hili lilikuwa linakwenda kwake. Mkono ukakataa kukitoa kirusi. Akaongeza siku moja, kisha nyingine. Aliandika ukweli daftarini, kwa kuwa mwongo hakuwa. Mwoga ndiye alikuwa, na siku zote aliuita woga huo umakini.

"Ulikiua, kisha ukaendelea kukipiga," wifi akasema taratibu. "Marehemu hata nduguze hawamtambui."

Aibu ilimchoma Maliza mpaka masikioni. Lakini hakuwa mtu wa kukaa na aibu kutwa. Akasimama, akaenda moja kwa moja kwa meneja, akamwambia toleo lisitoke.

"Mbona haina madhara?" meneja akasema. "Usalama imefaulu. Malori haya hapa. Iende, baadaye tutaongeza dozi nyingine."

"Kwa ng'ombe haina madhara, bosi. Kwa mwenye ng'ombe inayo. Mfugaji akishachanja anafungua zizi, anachanganya na ng'ombe wa jirani, anapeleka mnadani. Leo woga wake ndio unaomlinda. Tukimpa maji, hata huo tumemvua."

"Na lawama abebe nani?"

"Mpishi ni mimi. Niandike mimi."

Meneja akamtazama, akaichana fomu ya kutolea mzigo. Malori yakaondoka matupu.

Kwa sheria ya kazi Maliza hakuruhusiwa kukanyaga penye ng'ombe, asije akawapelekea virusi, kwa hiyo alipiga simu palepale ukumbini kwa makarani. Kaka yake alipokea kwa furaha.

"Dada! Chanjo iko njiani? Kesho nafungua lango, mnada Jumamosi."

"Usifungue. Chanjo haiji."

"Si ulisema imefaulu?"

"Imefaulu kufa. Kufundisha haikufaulu."

"Nani kaharibu?"

"Mimi. Niliiua kupita kiasi. Naanza nyingine leo: saa ishirini na nne, hata dakika moja siongezi."

Kaka akashusha sauti. Nyuma yake ng'ombe walisikika wakilia. "Na kikibaki hai hata kimoja? Unakumbuka ya baba."

"Nakumbuka. Hakitabaki. Saa ishirini na nne zimetosha miaka yote, kaka, na wifi atapima kila chupa kabla haijatoka. Hicho kirusi nakijua kuliko ninavyokujua wewe."

Mnyororo wa lango ukasikika ukizungushwa, kisha kufuli ikabanwa.

"Basi nimefunga," kaka akasema. "Mnada utangoja. Wachanjaji wakija na chanjo ya mtu mwingine nitawarudisha. Naitaka yako."

Maliza akalia palepale mbele ya makarani, wala hakujificha. Kisha akafuta uso, akaenda kuliosha pipa.