Yai la Mama Bosi

Mama Bosi hapendi yai. Si kwamba halipendi kidogo. Akisikia harufu yake tu, roho inamchafuka. Na bado kila jioni, akishatoka kupiga pasi mashati ya watu kutwa nzima, miguu ikiwaka moto, anachemsha yai moja, anakaa mezani mbele ya binti yake na kulila lote huku akitabasamu. Kazi hiyo!

Yote hayo kwa ajili ya Bosi. Bosi ndiye binti mwenyewe. Ana usonji, hasemi, na jina hilo amelipata kwa haki, maana nyumba nzima inakwenda kwa amri yake. Anakula mkate mweupe uliokatwa kingo, na maziwa kwenye kikombe cha bluu. Basi. Zamani alikula na wali, mpaka siku shangazi yake alipomfichia mboga humo ndani, kwa nia njema kabisa. Tangu siku hiyo hata sufuria ya wali akiiona anakimbia.

Mtaalamu wa lishe pale kliniki alivuta chini kope la mtoto, akakuta ndani kweupe. Damu imepungua, alisema, mkate na maziwa peke yake havitamfikisha mbali.

"Usimfichie kitu, usimlazimishe. Chemsha yai, ulile wewe, mbele yake. Azoee kuliona na kulinusa. Itachukua muda, mama."

Muda! Bosi hakuwahi hata kuligeuzia macho. Alitafuna mkate wake akikodolea ukuta, mama mtu akimeza yai kwa maji kama anameza kidonge.

Siku moja wifi yake, yule yule wa mboga, akaja kumtembelea.

"Wifi, unamdekeza huyu. Mnyime huo mkate uone. Njaa ikimkaba atakula hata sahani."

"Tulishajaribu, wifi. Tukaishia wodini na dripu."

"Haya, na hilo yai unalila la nini? Mwenyewe hata haangalii. Unamwigizia nani?"

Mama Bosi akacheka, kisha kicheko kikamkwama. Kweli, anamwigizia nani?

Kesho yake hakuchemsha kitu. Alimwekea Bosi mkate wake, akajiwekea sahani tupu kwa mazoea tu, akaketi.

"Leo sili," alisema. "Nimechoka mimi, Bosi. Nimechoka mpaka basi."

Na si miguu aliyokuwa anaisema. Alichoka kutumaini. Kliniki harudi tena, alishaamua, na liwalo na liwe.

Bosi aliushika mkate, akaurudisha. Akaushika tena, akaurudisha. Akashuka kitini, akaondoka. Jamani, hata mkate sasa? Mkate nao ukikataliwa, kinabaki nini?

Huko jikoni kitu kilianguka. Mama hakuwa na nguvu ya kuinuka.

Bosi akarudi akitembea polepole, viganja vimekutanishwa, na ndani yake kuna yai. Bichi. Bosi, ambaye ukimgusisha ganda la ndizi tu analia mpaka majirani wanagonga mlango! Akaliweka kwenye sahani ya mama. Likabingirika, akalizuia kwa kidole. Akaisogeza sahani kushoto kwa kikombe, pale pale inapokaaga kila siku. Kisha akapanda kitini, mikono mapajani, akamtazama mama yake mdomoni.

Kumbe alikuwa anaona. Siku zote hizo alikuwa anaona.

"Subiri, Bosi wangu," mama alisema. "Bichi hilo. Hata likizo hunipi?"

Akaenda kulichemsha huku analia. Alipolimenya lilinuka vile vile, hakuna cha utamu wala nini. Akaliuma. Bosi aliungoja ule mdomo utafune, akaungoja umeze, ndipo akauchukua mkate wake na kuanza kula.